Kubwa Ndilo Jibu

Mwalimu wetu wa kemia alilichukia neno moja tu katika Kiswahili chote, na kwa bahati mbaya ni neno ambalo sisi hatuwezi kununua hata kiberiti bila kulitamka. Neno lenyewe ni sawa. Ukiitikia "sawa" darasani mwake alisimamisha somo, akavua miwani, akakuuliza taratibu: ni nini na nini kilicho sawa? Ukishindwa kujibu, na hakuna aliyewahi kuweza, ulitoka ukasimama juani mpaka kengele ilie. Jua la Kilosa si la kusimamia.

Alikuwa na sababu yake, na ubaya ni kwamba sababu ilikuwa nzuri. Kemia tuliisoma kwa Kiingereza, lakini pale tulipoielewa, tuliielewa kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye gesi zinazogeukiana ndani ya chombo kilichofungwa, haidrojeni na aidini zikizaa gesi ya tatu, na hiyo ya tatu ikivunjika na kuwarudia wazazi wake, mpaka mwendo wa kwenda na wa kurudi ukalingana, sisi hali hiyo tuliiita usawa. Na mtoto wa huku kwetu ukimtajia usawa, anachoelewa ni kugawana. Basi katika jaribio la kwanza akatupa moli moja ya haidrojeni na moli moja ya aidini katika chombo cha lita moja, akatupa na ile namba ya K, inayoonyesha gesi ya tatu itawazidi wazazi wake kiasi gani, sitini na nne, akauliza mwishoni kutabaki kiasi gani cha kila gesi. Karibu darasa zima tulijibu theluthi mbili, theluthi mbili, theluthi mbili.

Aliyasoma majibu hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, pamoja na majina ya wenyewe. Alipomaliza alisema hata urithi haugawanywi hivyo, na asiyeamini aende kwa shehe akaulize. Kisha akaandika hesabu ubaoni kwa mistari michache: gesi mbili za mwanzo zimebaki kidogo sana, nukta mbili kila moja, na gesi mpya imefika moja nukta sita. "Kinacholingana ni mwendo," alisema, "mali hailingani. Mali haijawahi kulingana popote." Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikiliza wanasiasa na mashehe na mapadri, na sijasikia mtu aliyenieleza dunia vizuri kuliko hivyo. Inaniuma kulikubali hilo, maana mtu huyu simpendi.

Hatukujua alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulichojua ni kwamba aliishi peke yake katika nyumba ya walimu yenye kuku wengi, na kuku wale aliwasemesha kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuuonja. Ukipita jioni ulimsikia akiwauliza wameshindaje. Asubuhi yake mdomo uleule ulimwambia msichana aliyekosea kusawazisha mlinganyo kwamba mama yake angefuga mbuzi badala yake, angalau mbuzi huliwa.

Fimbo hakuishika, na alijisifu kwa hilo mbele ya wageni. Walimu wengine walichapa, nasi tulisahau siku hiyohiyo. Huyu alikutia neno, ukaenda nalo nyumbani likizo na kurudi nalo. Alikuwa akikuvumbulia jina kutoka katika jina lako au ukoo wako, na baada ya hapo hukuitwa vingine. Mimi aliniita Reli, kwa kuwa babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya reli akabaki, na kila nilipokosa jibu alisema, "Mwacheni Reli, yeye anapita tu, hana kituo." Darasa lilicheka kwa nguvu, nami nilicheka nao, kwa sababu asiyecheka alipewa zamu inayofuata.

Maabara yetu ilikuwa na meza ndefu, beseni mbili, jiko la mafuta ya taa na chupa ambazo mende walishakula karatasi zake, hata haikujulikana ndani mna nini. Gesi haikuwepo hata ya kunusa. Alitufundisha gesi kwa miaka yote hiyo bila kutuonyesha hata moja, na nadhani hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Msimu mmoja wa zambarau aliingia na mfuko uliojaa, akaanza kula mbele yetu kimya kimya. Baadaye akafunua kinywa, akapita dawati kwa dawati akitutolea ulimi. Mvuke wa aidini, alisema, una rangi hii; na kadiri aidini inavyoungana na haidrojeni rangi inafifia, lakini haiishi, kwa maana daima kuna inayorudi. Mtu mzima, mwenye mvi na tai shingoni, katoa ulimi wa zambarau, na hakuna aliyecheka. Hebu fikiria tulivyomwogopa.

Nisimpunje, kuna siku aliniokoa. Nilishikwa na malaria ya kupandia kichwani wakati mto Mkondoa umefurika na magari hayapiti, naye akanipakia nyuma ya baiskeli yake, akanifunga kiunoni kwa shuka yake mwenyewe nisianguke, akanisukuma kwenye matope mpaka hospitali. Njia nzima alinitaka nikariri kanuni: mfumo uliotulia ukisumbuliwa, huelekea upande wa kuupunguza usumbufu. Nilipopotea katikati ya homa alisimamisha baiskeli ndani ya maji na kusema hasogei mpaka niseme vizuri. Nikasema, tukaenda. Muuguzi alipomshukuru kwa wema wake, alijibu kwamba hakuja kwa ajili ya wema, ila maiti hazifanyi mtihani na zinaharibu wastani wa shule.

Kanuni hiyo ya usumbufu aliitumia kila mahali. Mzee mmoja alitoka Mvumi kwa miguu kuja kulalamika kwamba mwanawe halali, anaweweseka namba. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kijana amesumbuliwa, sasa anahamia upande mwingine, na upande huo ama ni akili ama ni shamba. Baba asubiri aone. Mzee aliondoka akishukuru. Mpaka leo sijui alielewa ametukanwa au alidhani amepewa dawa.

Sasa nifike kwenye msemo wake mkubwa, kwa sababu ndio uliomla msichana wa darasani kwetu aliyeitwa Sikudhani.

Hesabu za gesi zikiwa ngumu kidogo hukuletea mlinganyo wa kwadratiki, na mlinganyo wa namna hiyo hutoa majibu mawili. Katika maswali tuliyozoea kufanya, moja lilikuwa chini ya sifuri, halina maana yoyote, na lile kubwa ndilo la kweli. Mwalimu mwenye subira angeeleza kwa nini. Yeye aliona ni kupoteza chaki. Alitupa kanuni tu: "Majibu yakija mawili, kubwa ndilo jibu. Dogo waachieni watu wa sanaa." Tuliikariri kama dua. Hata ofisini kwao, sahani ya maandazi ilipopitishwa, alikuwa anachagua akisema kubwa ndilo jibu, na walimu wenzake wakicheka kwa woga uleule wa kwetu.

Sikudhani alitoka Chanzuru, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi ambamo hakuna aliyewahi kufika kidato cha tano. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye viatu vilivyoshonwa na kushonwa tena. Alitaka udaktari na hakutaka kingine chochote. Wasichana wengine walikuwa na mpango wa pili na wa tatu. Yeye ukimuuliza akikosa udaktari atafanya nini, alikutazama kama hujamaliza swali. Na katika shule yetu njia ya kwenda udaktarini ilipita mlango mmoja, kwa mwalimu wa kemia, kwani yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mwalimu wa taaluma nani abaki kwenye tahasusi ya sayansi na nani ahamishiwe sanaa.

Jina lake lilikuwa zawadi kwa mtu yule. Siku ya kwanza tu alipoliona kwenye orodha alitulia nalo, akalionja. "Sikudhani," alisema. "Hukudhani, na hudhani. Wazazi wako walikuona mapema." Tangu hapo kila alipomuuliza swali alitanguliza kusema asijisumbue, jibu lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa. Msichana alikuwa anasimama, anasubiri kicheko kiishe, kisha anajibu. Mara nyingi alijibu sahihi, na usahihi huo haukumsaidia kitu.

Likaja jaribio la mwisho wa muhula, ambalo lingeamua nani abaki. Swali la gesi lilikuwa lilelile la haidrojeni na aidini, na K ileile, ila safari hii haidrojeni imetiwa moli mbili na aidini moja. Tafuta haidrojeni iliyotumika ni kiasi gani. Tukapiga kwadratiki, yakaja majibu mawili: mbili na robo, na nukta tisa na ushei. Yote mawili yalikuwa juu ya sifuri. Hatukujiuliza. Kubwa ndilo jibu; tukaandika mbili na robo, tukapiga mstari chini, tukalala.

Siku ya kurudishiwa karatasi wote tulikuwa na vema. Sikudhani peke yake alikuwa na kosa, na mwalimu akamwita mbele ili, kama alivyosema, tujifunze kutoka kwake namna ya kutokudhani. Akamwamuru aandike alichofanya. Sikudhani akaandika, herufi zake ndogo zikipanda kulia, mpaka akafika kwenye majibu mawili na kuzungushia lile dogo. Mwalimu akatugeukia akauliza kanuni inasemaje, nasi kwa pamoja tukaitikia kubwa ndilo jibu. Aligeuka akamtazama msichana, akingoja afute.

Hakufuta. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mpaka nyuma tulisikia, "Haidrojeni tulitia mbili, mwalimu. Haiwezi kutumika mbili na robo."

Sote tuliona kwa mara moja, hata mimi Reli nisiyekuwa na kituo. Mwenye debe mbili za mahindi hatumii mbili na robo. Hilo halihitaji kemia. Mwalimu alisimama akiutazama ubao. Alisoma mstari wa kwanza, akashuka, akarudi juu tena. Shingo yake ilibadilika rangi. Kama angesema neno moja tu pale, lolote, tungemwabudu maisha yetu yote, na sisemi hivi kwa kupamba. Tulikuwa watoto, tulitaka sana kupata sababu ya kumpenda.

Alisema, "Nenda kakae."

Sikudhani akasema, "Sawa, mwalimu."

Lilimtoka tu, kama linavyomtoka kila mtu. Niliona mabega ya mwalimu yakishuka kwa nafuu, nafuu kabisa, ya mtu aliyekuwa anazama akashika gogo. Akavua miwani. Akauliza, akiwa ametulia tena: ni nini na nini kilicho sawa, Sikudhani? Mtu gani amekaa kwangu miezi yote hii bado anasema sawa?

Sikudhani alikuwa na jibu, na lilikuwa ubaoni nyuma yake. Angenyoosha mkono tu. Hakunyoosha, kwa sababu alilelewa, na mtoto aliyelelewa hamwonyeshi mtu mzima kosa lake mara mbili. Akatoka nje akasimama juani. Kosa lake kwenye karatasi halikusahihishwa. Wiki hiyohiyo alihamishiwa sanaa, na sababu aliyopewa mwalimu wa taaluma, tuliyoisikia baadaye kutoka kwa karani, ni kwamba binti huyu hana lugha ya sayansi.

Kisha likaja jambo ambalo sijalimeza hadi leo. Muhula uliofuata, tulipofika tena kwenye kwadratiki, mwalimu alisema bila kupepesa jicho: "Majibu yakija mawili, tazameni lipi linawezekana. Ulichotia mbili hakiwezi kutumika mbili na robo." Maneno yaleyale. Dirishani, ng'ambo ya uwanja, tulikuwa tunaliona darasa la sanaa, na mwenye maneno yake amekaa humo akisomeshwa historia. Tuliandika. Wengi wetu tulifaulu kwa sentensi ile, nami nikiwa mmoja wao, ingawa kufaulu kwangu hakukunifikisha mbali sana.

Nina duka la mitungi ya gesi ya kupikia Mikumi, kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Iringa yanapita usiku na mchana, na nyani hushuka kuiba ndizi za wapita njia. Kemia yangu yote imeishia kupaka povu la sabuni kwenye valvu na kuangalia kama inavuja. Sikudhani yuko Chanzuru, ana watoto wanne, analima, na ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea. Anapima uzito wa watoto kwa mzani wa kuning'iniza, anahimiza wajawazito waende kliniki. Kina mama wageni humwita daktari, naye huwasahihisha kila mara. Tunapigiana simu sikukuu.

Mwalimu alitokea dukani kwangu kipupwe cha mwaka huu. Kumbe alikuwa na binti, amepanga Mikumi, na yeye kastaafu kahamia kwake. Aliingia akihema, amekonda, koti limekuwa kubwa kuliko mtu, na mkononi kashika mtungi mtupu. Sitasema uongo: nilifurahi kumwona vile. Nilimwacha asimame zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Akanitazama usoni, akasema, "Reli," nami moyo ukaruka kama mtoto. Hasira ilinipanda kwa ule mruko.

Nikampa kiti. Tukazungumza habari za shule, nani kafa, nani mkubwa serikalini. Aliwataja wote kwa majina aliyowabandika, na kwa kila mmoja alikumbuka kosa lake la kijinga kuliko yote. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, na hilo nililipima kwa makusudi kabla ya kumuuliza nilichotaka. Nikamuuliza kama anamkumbuka Sikudhani.

Alisugua goti. Akasema, "Yule alikuwa sahihi."

Nikamuuliza alilijua lini. Akasema palepale, kwenye mstari wa pili. Nikamuuliza basi kwa nini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nilivyokuwa nikishangaa mimi zamani mbele ya maswali yake, akasema darasa likishamwona mwalimu amekosea halifundishiki tena. Ningekuwa nimefundisha mimi ningejua. Mmoja alipotea, wengi wakapona. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei.

Nilimwambia Sikudhani yu hai, yuko Chanzuru, na namba yake ninayo humu. Kwamba mama mzima amekaa miaka yote anaamini hana kichwa cha sayansi. Kwamba amwambie tu lile neno aliloniambia mimi, hata kama hataomba radhi. Lori likapita, likapita jingine. Kisha akanyoosha mkono apewe simu. Niwe mkweli, macho yalinilowa.

Nilipiga, nikamwambia Sikudhani kuna mtu anataka kuzungumza naye, mwalimu wetu wa kemia. Nikasikia ndoo ikitua chini. Nikampa mzee simu.

Sauti ya Sikudhani ilitoka wazi, spika ya simu yangu ina kelele. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alisema.

Nilimwona akifunua kinywa. Nilimwona akifunga. Upande wa pili Sikudhani alikuwa anangoja, kwa adabu, bila kuhema hata. Mwalimu akanirudishia simu, akainuka, akaenda kukagua lakiri, ule muhuri wa mdomoni, ya mtungi uliojaa niliokuwa nimemchagulia, akiugeuza huku na huku apate kujua kama ni mpya.

"Alikuwa anataka nini?" Sikudhani aliniuliza.

Nikamwambia alitaka kumsalimia tu.

"Kumbe ananikumbuka?"

Nikasema anamkumbuka. Kabla simu haijakatika nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye pale uani, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba mwalimu wake wa kemia amempigia simu.